Kwa Nini Shina la Mchicha ni Jekundu

Kabla mchicha haujajua njia ya jikoni, shina lake lilikuwa jeupe kama uzi wa pamba. Uliota mbali, ukingoni mwa msitu, na wanawake wa kilima cha Ndorwe waliufuata huko kwa ajili ya mbuzi tu. Kumwona mtu akila mchicha kungekuwa sawa na kumwona akitafuna nyasi za paa.

Zama hizo Ndorwe kulikuwa na desturi ya kamba. Mwanamke akishika mimba, mama mkwe wake alisokota nyuzi za mgomba, akamfunga kiunoni kwa fundo lake mwenyewe, na fundo la kila mama mkwe lilijulikana kama sura yake. Kamba ikianza kubana, ilisemekana mjamzito anakula kupita kiasi, naye akapunguziwa chakula mpaka ilegee. Watu waliamini kwamba mtoto mnene hukwama njiani. Kwa hiyo mjamzito hakugusa yai, hakuonja maziwa, wala hakupewa ini la mnyama aliyechinjwa. Alikunywa uji wa ndizi, mwepesi kiasi cha kujiona uso ndani yake. Watoto walizaliwa wadogo kama panzi, mama zao wakabaki na viganja vyeupe, na wengi hawakuinuka tena mkekani. Hapo wazee walitikisa vichwa na kusema, "Kamba yake haikukazwa vya kutosha."

Nakiete alimpoteza dada yake, Namsifu, kwa namna hiyo. Yeye ndiye aliyemfungua kamba wakati wa kumwosha, na mkono wake ulipita kati ya kamba na mwili bila kugusa popote. Neno hilo hakumwambia mtu. Lakini siku alipofungwa kamba yake mwenyewe, lilirudi akilini: kamba ya Namsifu haikuwa imebana hata kidogo; alikuwa amekonda mpaka ikalegea, na bado akafa.

Mama mkwe wake, Mama Kiangi, alikuwa mjane mwenye ulimi mkali. Kati ya watoto wengi aliowazaa alibakiwa na Kiangi peke yake, mume wa Nakiete. Alikuwa pia na mbuzi jike aliyempenda kuliko majirani zake wote. Walimwita Shangazi, kwa jinsi alivyowatazama watu kama aliyekuja kukagua mahari. Mwaka ule Shangazi naye alikuwa na mimba, na kila asubuhi Nakiete alitumwa kumletea mzigo wa mchicha, majani ya kunde, na bonge la magadi la kulamba.

"Ashibe kwanza huyo, ndipo uje unywe uji wako," alisema Mama Kiangi. "Na umlegezee kamba ya shingo. Huoni anavyonenepa?"

Nakiete akailegeza kamba ya mbuzi. Kisha akashika ya kwake. Zote mbili zilikuwa za mgomba mmoja, zimesokotwa na mkono mmoja, kwa fundo moja.

Shangazi alizaa mapacha mchana kweupe. Aliwalamba, akasimama, akamrushia teke jogoo aliyesogea kuchungulia. Nakiete, aliyekuwa amejishikiza kwenye nguzo ya zizi kwa kizunguzungu, alimtazama kwa wivu ambao hakuwahi kumwonea binadamu.

Kesho yake, mama mkwe alipokwenda shambani, Nakiete alichambua mchicha nyuma ya jiko, akauosha, akauchemsha kwenye kigae. Alikula majani machache, kisha akakaa kutwa nzima akilisikiliza tumbo lake, akisubiri sumu. Sumu haikuja. Siku iliyofuata aliongeza kunde. Baadaye akawa anachemsha maziwa kidogo ya Shangazi, yaliyobaki wanawe wakishanyonya. Damu ikarudi kwenye viganja vyake, na mtoto, aliyekuwa akipapasa tu kama anayetafuta mlango, akaanza kupiga mateke. Mbegu za mchicha zilidondoka pale nyuma ya jiko. Nakiete hakuwa na muda wa kuziangalia, kwa kuwa kamba ilikuwa imeanza kumng'ata.

Aliyeiona alikuwa Nambike, jirani mfuga kuku, mwanamke ambaye siri mdomoni mwake ilikaa kama maji kwenye tenga.

"Mama Kiangi! Njoo umwone mkaza mwanao! Kanenepa kama mwali wa harusi, na kamba inamkata!"

Wanawake wakajaa uani. Mama Kiangi akachomeka kidole kwenye kamba, hakikuingia.

"Unakula nini, Nakiete?"

"Chakula cha Shangazi, mama."

Kicheko kikalipuka. "Basi tutengeneze zizi!" akasema Nambike. "Huyo atazaa mwenye mapembe!"

Mama Kiangi hakucheka. "Kuanzia leo utakunywa uji kikombe kimoja mpaka kamba hii ilegee."

Nakiete akaelekeza kidole zizini. "Nitatii, mama. Ila naomba jambo moja. Shangazi akishika mimba tena, tumfunge na yeye kamba ya tumbo. Tumnyime majani, tumpe maji ya uji, kisha tuone atakavyozaa."

"Unataka kuniulia mbuzi wangu!" akafoka Mama Kiangi.

Hapo masikio yake yakasikia alichosema mdomo wake. Mama Kiangi aliitazama mikono yake iliyosokota kamba zote mbili, ya mbuzi na ya mkaza mwanawe, akachukua kisu cha kumenyea ndizi, akaikata kamba ya Nakiete kwa pigo moja.

"Nambike, usinikodolee macho. Lete yai."

"Yai la nani?"

"La kuku wako. Mtoto huyu akikwama, nitajibu mimi."

Siku ya uchungu ilipofika, kilima kizima kilikuja kusubiri mtoto akwame. Hata Nakiete, katikati ya maumivu, alilisubiri hilo kwa hofu. Jua likapita utosini. Kisha kikasikika kilio kikali kiasi kwamba Shangazi alijibu kutoka zizini. Alikuwa mtoto wa kike, mzito, mwenye mapaja yenye mikunjo. Mama Kiangi alimpokea, akamzungusha, akamkagua mgongo na kichwa, akatangaza kwa sauti ya kumtafuta Nambike: "Hana mapembe!"

Damu ya uzazi ilizikwa nyuma ya jiko, pale pale mbegu zilipodondoka. Na kabla jua halijafika milimani, Nakiete aliinuka mkekani kwa miguu yake, akatembea hadi mlangoni akiwa na mwanawe kifuani, akapiga vigelegele yeye mwenyewe kabla ya mtu yeyote. Wanawake wenye mimba waliokuwa uani walitazamana. Mmoja akaomba kisu. Wakapokezana, na sauti ya kamba zinazokatika ikashuka mteremko nyumba hadi nyumba, vigelegele vikiifuata nyuma.

Mchicha haukurudi msituni tangu mchana ule. Ung'oe leo nyuma ya jiko, utaona wekundu ukipanda kutoka mizizini: ni damu uliyoinywa kwa Nakiete, nao haujachoka kuwalipa wanawake wengine. Na chungu kikiepuliwa, pakuo la kwanza huwa la mwenye mimba, hata wakubwa wakiwa na njaa. Akitokea wa kunung'unika, wenzake humuuliza swali moja tu: "Angekuwa mbuzi wako, ungemnyima?"