Miche Iliyopandwa na Viriba Vyake

Mtu mmoja wa Rungwe, jina lake Ambokile, alikuwa na miche arobaini ya parachichi na mdogo wake mmoja. Miche aliinunua kitaluni, kila mmoja ndani ya kiriba chake, ule mfuko mweusi wa nailoni. Mdogo wake, Lusekelo, alimlea mwenyewe tangu wazazi wao walipofariki. Alijinyima ili mtoto ashibe, na kwa hilo hakuna wa kumcheka.

Lusekelo sasa alikuwa na mke na mtoto, lakini nusu ya shamba la wazazi iliyokuwa haki yake ilibaki mikononi mwa kaka. Kaka ndiye aliyeamua kipandwe nini na lini. Akiulizwa, alisema huyu bado hajakomaa. Lusekelo alilima viazi kwenye kipande alichoazimwa na jirani, akazidi kuwa mkimya, na siku moja mkewe akaonekana akipanga vyombo kwenye maboksi. Walitaka kuhamia Mbarali.

Muuza miche alikuwa amemwonya Ambokile kwamba udongo ulioshika mizizi usimwagike. Naye alitii kupita kiasi. Ili isidondoke hata chembe, aliteremsha miche shimoni pamoja na viriba vyake, akafukia, akapiga magoti na kushindilia udongo kwa viganja. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye upendo, nami siwezi kusema vinginevyo.

Mwezi wa pili tangu kupanda, majani yakaanza kugeuka manjano, kwanza ya chini, kisha ya juu, na ncha zikakauka. Ambokile akasema ni njaa, akatia samadi. Akasema ni kiu, akamwagilia asubuhi na jioni, katika nchi ambayo mvua yenyewe haijui kupumzika. Akasema ni jua, akaezekea kila mche kwa majani ya mgomba. Manjano yakazidi. Alipoishiwa na sababu za shambani, akatafuta mtu. Akamwita Lusekelo mbele ya jirani, akamwambia kwamba amenyunyizia viazi vyake dawa siku ya upepo, makusudi, ili ipeperukie miche, kwa kinyongo. Inauma kuambiwa hivyo na mtu aliyekulisha.

Lusekelo aliomba jembe. Akachagua mche uliokuwa na hali mbaya kuliko yote, akachimba taratibu pembeni, akautoa. Kiriba kilikuwa kizima. Ndani yake mizizi ilikuwa imezunguka na kuzunguka ikitafuta pa kutokea, hadi ikajikaba yenyewe, na nje ya nailoni udongo mweusi wenye rutuba ulikuwa haujaguswa. Akakichana kiriba kwa kisu, akaikunjua mizizi, akaurudisha mche shimoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Kaka, kiriba kilikuwa kizuri kule kitaluni."

Ambokile alishikwa na haya, kwa sababu alijua kwamba hawazungumzii parachichi peke yake. Akachukua kisu, akapiga magoti kwenye mche uliofuata. Walifanya kazi hiyo siku nzima. Miche tisa haikupona. Iliyobaki ilipukutisha majani yake ya manjano, ikakaa uchi kwa wiki kadhaa, kisha ikachipua.

Lakini Ambokile hakusubiri ichipue. Kesho yake asubuhi alichonga vigingi, akapima shamba katikati, akamkabidhi mdogo wake nusu yake mbele ya jirani yule yule aliyesikia lawama. Maboksi yalikaa mlangoni siku tatu. Siku ya nne mke wa Lusekelo akaanza kuyafungua.

Basi nanyi mliolea, kabla hamjamtafuta aliyeroga majani, niambieni: kile kiriba mlichompanda nacho mtoto wenu, mlikichana lini?