Mbaazi za Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipigiana hodi na kukaribishana kama sisi, Mzee Kiboko alikuwa na mgahawa kando ya mto. Alipika mbaazi za nazi. Jamani, mbaazi! Ukipita njiani tu, mate yanakujaa.

Lakini alikuwa na sharti.

"Chakula changu huliwa mezani pangu! Hakitoki mlangoni hata kijiko kimoja!"

Aliogopa mtu asije akakipeleka nyumbani, akakichunguza, akaijua siri ya upishi wake.

Jirani na hapo aliishi Kindi na mama yake. Mama alikuwa mgonjwa, kila akiletewa uji anausukuma. Alikonda mpaka akabaki mifupa.

"Mwanangu," akasema siku moja, "ningepata mbaazi za kwa Kiboko, labda zingepita."

Kindi akatoka mbio, tipu tipu tipu, hadi mgahawani.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Mama yangu mgonjwa. Nigawie kidogo nimpelekee."

"Aje mwenyewe!"

"Hawezi hata kusimama, Mzee."

"Basi angoje apone!"

Mnausikia ukatili huo? Mimi nikifika hapa hukasirika kila mara.

Kindi akarudi, akaamua kupika mwenyewe. Akakuna nazi, kwaru kwaru, akakamua tui zito, akalimwaga lote kwenye chungu cha mbaazi juu ya moto mkali. Wee! Tui likakatika, mafuta huku, maji kule. Mama akaonja, akaweka kijiko chini.

"Ahsante, mwanangu. Umejitahidi." Kisha akageukia ukutani.

Kindi alilia. Alipokwisha kulia, alifunika bakuli lile lile, akarudi nalo kwa Kiboko. Mgahawa ulikuwa umejaa wateja.

"Mzee wangu, nimekuja kukuonya. Kule kwetu watu wanakula hizi, wanasema ndizo mbaazi zako."

Kiboko akaonja. "Tfu! Zangu hizi? Nani mpumbavu aliyetia tui zito mwanzo?"

"Kumbe halitiwi mwanzo?"

"Thubutu! Mbaazi huchemshwa peke yake mpaka zilainike. Kisha unatia tui jepesi, kitunguu na bizari. Tui zito huja mwisho, moto ukiwa mdogo, na unakoroga bila kuacha! Nenda ukawaambie!"

"Nitawaambia, Mzee. Neno kwa neno."

Akaondoka upesi, akijizuia asicheke.

Jioni ile harufu ikavuka kichaka, ikaingia mgahawani. Kiboko akanusa mara moja, akanusa tena. Akatoka, puu! puu! puu!, mpaka kwa Kindi.

"Mwizi! Hizo mbaazi zangu!"

"Karibu, Mzee," akasema Kindi. "Umetukuta tunakula."

Hapo Kiboko akakwama. Aliyekaribishwa chakula hasusi. Ndiyo ilikuwa adabu yao. Akanawa mikono, akaketi kwenye mkeka, akaonja.

"Niambie," akasema Kindi. "Kama ni mbaya, basi si zako, hujaibiwa kitu. Na kama ni nzuri, nani aliyenifundisha kama si wewe, kwa kinywa chako, mbele ya wateja wako?"

Kiboko akafungua lile domo lake kubwa. Akalifumba, akaendelea kula polepole. Miaka yote amewapikia wengine, yeye hula amesimama jikoni. Hajawahi kuandaliwa na mtu, na jambo hilo lilimtia huzuni ambayo hakuitarajia.

Ndipo mama, aliyekuwa pembeni, akanyoosha bakuli lake tupu.

"Mwanangu, niongeze."

Kindi alitaka kuinuka, lakini alitanguliwa. Kiboko ndiye aliyeshika upawa, akamwekea mama mbaazi, akamwekea na mchuzi.

"Kula, mama," akasema.

Hadithi yangu imeishia kwenye mkeka huo, wanangu, na funzo lake ni hili: mwenye majivuno hutoa bure kwa hasira kile alichokataa kutoa kwa huruma.