Kijumba Kilichobaki Kitupu

Fumbeni macho kidogo, wanangu, mlione sanduku. Ni sanduku la mninga, si kubwa, mtu hulipakata magotini bila kuchoka. Ndani lina vijumba tisa vya mviringo, na kila kijumba kimetandikwa kitambaa chekundu. Vijumba vinane vina sarafu. Kimoja ki kitupu. Mmekiona? Basi fumbueni macho, twende.

Hapo zamani, katika mji mdogo wa milimani, sanduku hilo lilikuwa la Mzee Mdoe. Wenzake walifuga njiwa. Yeye alikusanya sarafu. Wala si zile kubwa za kung'aa, bali ndogondogo, ambazo zikianguka mtu haoni sababu ya kuinama. Kila Ijumaa wapenzi wa sarafu walikutana barazani kwake, na hapo palikuwa na desturi: sarafu hailazwi kijumbani mpaka iitwe jina lake la sokoni, na wote waliopo waitikie. Mzee akisema, "Hela!" wote, "Hela!" Akisema, "Sumni!" wote, "Sumni!"

"Kilichoandikwa usoni ni thamani yake," alikuwa akisema. "Jina ni lile ililopewa na watu."

Chiku, fundi baiskeli, alikulia kwenye baraza hiyo. Namba alizijulia hapo kabla ya kwenda shule, kidole chake kikitambaa juu ya sarafu. Kwa hiyo aliposikia kwamba Mzee Mdoe anahamia kwa binti yake, mji wa mbali, kwa sababu kumbukumbu zimeanza kumtoka, moyo ulimshuka.

"Sanduku silichukui," Mzee akasema. "Huko nani ataniitikia? Atakayekijaza kijumba cha tisa, huyo ndiye mlinzi wake. Mlinzi mmoja tu. Wakiwa wengi watalivutana mpaka livunjike."

"Kijumba hicho kinangoja sarafu gani, babu?" Chiku akauliza.

"Senti tano, yenye tundu katikati. Jina lake la sokoni ni..." Mzee akafungua mdomo, akaufunga. "Lilikuwa hapa hapa jana."

Hakuna aliyecheka.

Chiku alilitaka sanduku lile kuliko kitu chochote. Wiki ile ile akafungua gurudumu la baiskeli kuukuu, na nyuma ya nati, mahali pa washa, kile kipete cha kukazia nati, akakuta kiduara cheusi chenye tundu. Akamwambia mwenye baiskeli, "Nakuwekea washa mpya, hii nipe mimi." Mwenyewe akacheka. "Chukua, fundi, na kutu yake chukua!"

Halafu mkono wake ukafanya ulichozoea. Ukashika msasa. Ukasugua mara moja, mara mbili, na mstari mweupe ukajitokeza kama kidonda.

"Yallah!" Chiku akautupa msasa. Mpenzi wa sarafu yeyote anajua, sarafu haipigwi msasa. Lakini kwa dakika ile alikuwa fundi baiskeli, na aliloliona ni chuma.

Akakimbia kwa Hizza, mshona kofia, naye ni mtu wa barazani. Hizza akaigeuza sarafu kwenye kiganja.

"Umeichuna, Chiku."

"Nimeichuna, kaka."

"Basi usiiguse tena."

Akaitia katika kisahani cha mafuta ya nazi. Kila alfajiri akaigeuza: leo uso huu, kesho uso ule. Hakusugua, hakukwangua. Mkewe akalalamika, "Mafuta ya mchuzi yamekwisha, na hiyo senti yako imenona!" Hizza akageuza tu. Siku ya arobaini kutu ikabanduka yenyewe kama ganda la kidonda kilichopona, na namba tano ikatokea.

Wakaipeleka mbio, maana gari la binti yake Mzee lilikwisha kufika.

"Ndiyo yenyewe!" Mzee akasema. "Haya, iiteni."

Chiku na Hizza wakaiinamia sarafu, kila mmoja akingoja mwenzake alitaje jina.

Bibi Mwantumu, muuza karanga, alikuwa anapita na sinia lake. Akachungulia. "Mbona mmeinama kama mmefiwa, na hiyo ni ndururu tu?"

"Bibi, ndururu ni msemo," Hizza akamwambia. "Mtu husema sina hata ndururu, yaani hana kitu."

"Hana kitu gani, baba? Si hana hiyo!" Akatua sinia, akaimba alichofundishwa na mama yake alipokuwa akitumwa chumvi: "Ndururu mbili, peni moja. Peni tano, sumni moja. Sumni mbili, shilingi yako, rudi nyumbani!"

Chiku akagusa vijumba. Peni ilikuwapo, senti kumi. Sumni ilikuwapo, senti hamsini. Tano na tano, kumi. Kumi mara tano, hamsini. Hesabu ikakubali.

"Ndururu," Mzee Mdoe akasema taratibu, kama aliyekutana na rika lake njiani. Machozi yakamtoka. "Ndururu!"

"Ndururu!" wakaitikia. Sarafu ikalala kijumbani.

Mzee akalinyanyua sanduku. "Sasa nimpe nani?"

"Mimi niliyeiona," Chiku akasema. "Wangapi wameipanda baiskeli ile wasijue wamekalia nini?"

"Ukaiona, ukaijeruhi," Hizza akajibu. "Ningekuachia, leo tungekuwa na washa inayong'aa."

"Na nisingeiona, ungeloweka nini kwenye mafuta, vidole?"

Bibi Mwantumu akacheka, kisha akalitazama sanduku. "Mimi sikuliomba. Sisi ndururu tulizipigilia na misumari kwenye bati, paa lisivuje. Lakini leo nimeisikia sauti ya mama yangu. Mkilichukua, nitasikitika, na asubuhi sikujua hata kama lipo."

Dereva akapiga honi. Mzee akawatazama mmoja mmoja, sanduku mikononi.

Je, wanangu, nani alistahili kupewa? Aliyeiona sarafu akaichubua, aliyeitunza siku arobaini, au aliyelijua jina lake lakini hakuwahi kuipenda?

Bishaneni mpaka mchoke. Ila naomba mkumbuke jambo moja: jina lilipoitwa, waliitikia wote watatu.