Sauti Iliyokipa Chombo Jina

—Paukwa!
—Pakawa!
—Masikio mmekuja nayo?
—Tumekuja nayo!
—Basi yafungueni.

Hapo zamani za kale paliondokea wake wenza wawili, Mwanakombo na Mize. Mume mmoja, ua mmoja, maneno hayaishi. Siku moja Mize alitoka, asirudi. Watu wakamtafuta kutwa nzima, wakasema, "Kachukuliwa na jini." Mwanakombo akasema moyoni: afadhali.

Asubuhi akaenda kisimani. Enzi hizo chombo cha kutekea maji, kigogo kilichokombwa ndani na kufungwa kamba, hakikuwa na jina. Akakishusha, shu, shu, shu! Hakijagusa maji, sauti ikatoka chini:

"Ndoo!"

Yaani "njoo", kwa lafudhi ya watu wa mji ule. Nywele zikamsimama Mwanakombo. Kima aliyekaa kwenye ukuta wa kisima akapiga ukelele:

"Jini, mama! Kimbia!"

Wakatimua mbio wote wawili.

Siku ya pili alikuja na Fisi, aliyejigamba haogopi kitu. Shu, shu, shu!

"Ndoo! Ndoo!"

Lo! Fisi alichomoka kwa woga, makalio chini, na mpaka leo hayajainuka.

Siku ya tatu nyumbani hapakuwa na tone la maji. Mwanakombo akaenda peke yake. Shu, shu, shu!

"Ndoo... ndoo... we chombo, ndoo kwangu!"

Kisha kikohozi.

Kikohozi kile alikijua. Miaka saba alikisikia nyuma ya ukuta, akikichukia. Akainamia kisima.

"Mize?"

"Ni mimi, dada. Niliteleza. Nimekaa juu ya jiwe. Kila siku chombo kinapita, mkono haufiki."

Mwanakombo akahesabu. Siku tatu! Naye alisema afadhali! Akasogeza kamba huku machozi yakimchuruzika.

"Shika!"

Akavuta. Viganja vikachubuka, kamba ikalowa damu, asiachie. Mize akatokea, midomo imepasuka kwa baridi, wakaanguka chini pamoja.

"Niliomba usirudi," Mwanakombo akasema.

"Najua, dada. Na bado umenivuta."

Mji mzima ulishika vichwa kusikia habari ile. Tangu siku hiyo chombo kile kikaitwa ndoo.

Sauti usiyoijua ikikuita, uliza "nani?" kabla hujakimbia.

Kisa kimekoma. Utamu wake gawaneni. Uwongo wake niachieni mimi, nimeuzoea.