Mikeka Mbele ya Kituo

Mkeka utangulie sanda. Methali hii mmeisikia sokoni mkadhani ni ya mababu. Si ya mababu. Ilizaliwa hapa hapa mtaani kwetu, na ilianza hivi.

Wakati huo kituo chetu cha polisi kilikuwa kinameza watu. Kijana akikamatwa, mzazi anakwenda peke yake, anaambiwa, "Huyo hayupo hapa," anarudi. Kisha maiti inaokotwa. Hapo ndipo mtaa mzima unajitokeza: mikeka, sufuria, kilio. Kwa matanga tulikuwa hodari. Kabla ya matanga, kila mtu na mlango wake.

Asubuhi moja wakamchukua Fumo, kinyozi, mtoto wa pekee wa Bi Mwanakombo. Mama akaenda kituoni, akafukuzwa. Aliporudi, jirani yake Mwasiti, muuza mbaazi, akauliza:

"Mikeka ya matanga iko kwa nani?"

"Mtaniulia mwanangu!" Bi Mwanakombo akapiga ukelele. "Mkeka wa matanga kwa mtu aliye hai? Kisirani hicho!"

"Shoga, kisirani ni kungoja. Mtoto wa Mzee Chande tulimtandikia baadaye. Alifufuka?"

Bi Mwanakombo akajifunga kanga kiunoni. Mikeka ikatolewa.

Tuliitandika mbele ya lango la kituo, wanaume huku, wanawake kule, sufuria juu ya mafiga, kama msibani kabisa. Baada ya sala ya adhuhuri watu wakaongezeka. Wa kanisani nao wakaja na viti vyao. Hakuna aliyerusha jiwe.

Mkuu wa kituo, Afande Mutiso, akatoka, kofia mkononi.

"Poleni sana. Nani amefariki?"

"Bado," Mwasiti akasema. "Leo tumekuja mapema, afande."

Aliitazama ile mikeka. Akavaa kofia yake.

"Mnataka nini?"

"Fumo. Na kuanzia leo, mtu akikamatwa, kwao waambiwe, na wazee wa mtaa waingie wamwone kwa macho yao."

Akageuka, akaingia ndani. Tukangoja. Bi Mwanakombo hakuliondolea macho lango. Tulipokwisha kata tamaa, lango likafunguliwa. Fumo akatoka akichechemea, jicho limevimba, lakini kwa miguu yake mwenyewe. Mama yake alimpapasa kichwa, mikono, mbavu, kama anayenunua mbuzi. Kisha akashusha pumzi.

"Njoo ule," akasema.

Tukala mbaazi palepale, tukicheka hata pasipochekesha. Askari mmoja naye akapewa sahani.

Hilo la wazee kuingia kituoni halikupatikana siku hiyo. Tulitandika tena na tena, na wapo askari waliotuchukia kwa hilo. Lakini lilipatikana, na lipo mpaka leo. Kwa hiyo mkisikia mwenzenu kachukuliwa, msikae barazani mkiulizana alifanya nini. Mazikoni mtakwenda wote tu, nawajua. Basi nendeni sasa, angali anapumua. Mkeka utangulie sanda.