Figa la Nne la Ulemba

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1858, alifariki Mwene Katandula Nsumba wa Lyanzi, mtawala wa saba wa Ulemba. Tarehe hiyo haina shaka. Iliandikwa na karani wa msafara wa pembe uliokuwa umepiga kambi nje ya Isanza, mji wa Mwene, na barua yake niliinakili kwa mkono wangu.

Wakati huo jiko la Mlemba lilikuwa na mafiga matatu, kama majiko ya watu wote, na moto wa nchi nzima ulikuwa mmoja. Mwene alipofariki, kila nyumba ilizima moto wake. Mrithi alipekecha moto mpya katika jiko la mama yake, nao ukasambazwa kwa vijinga kijiji hadi kijiji. Aliyepika kwa moto huo alikuwa raia wa aliyeupekecha. Na kabla haujapekechwa, hakuna aliyepika.

Mrithi alikuwa Mwipa, mwana wa kwanza, lakini alikuwa akilinda mpaka: siku sita za mjumbe kumfikia, siku sita za yeye kurudi. Siku ya tisa wazee wa baraza walimwendea Namwela, mjane wa Mwene na mama wa wanawe wawili.

"Mama, watoto wanatafuna mtama mbichi," alisema Sikalumba, mkuu wa baraza. "Kalungu yupo, naye ni mwanao. Apekeche kwa niaba ya kaka yake, tupate uji. Mwipa akirudi tutauzima."

Namwela alisita, kisha akakubali. Hilo ndilo kosa letu, nami nalitaja bila kulipamba. Sheria ya Ulemba haikujua moto wa niaba. Moto uliokwisha kupika ulizimwa kwa kifo tu cha aliyeupekecha. Laiti wangalivumilia siku tatu!

Mwipa aliwasili tarehe 26 Agosti, akakuta moshi juu ya kila paa.

"Uzime," alimwambia mdogo wake.

"Kaka, nikiuzima nimejitangaza maiti. Au ulitaka tukuwekee watoto wakavu kama kuni?"

"Nilitaka mniwekee nafasi yangu. Ulipewa uji uonje, mdogo wangu, sasa unakumbatia na chungu!"

Mwipa aling'oa figa moja katika jiko la mama yake, likiwa bado na moto, akalifunga katika ngozi ya ng'ombe na kuvuka mto Kasimba. Ng'ambo akapekecha moto wake. Kalungu naye, akihofia kwamba haki ya jiko ingelifuata jiwe, alichukua la pili akaenda nalo kwenye kambi yake ya vita. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Namwela alibaki na moja.

Vita ilidumu karibu miaka sita. Dada hakuweza kuomba kaa la moto kwa dada yake wa kijiji cha pili, na wake walirudishwa kwao kwa sababu walitoka kwenye moto mwingine. Namwela alikataa mioto yote miwili. Alikula matunda na unga uliolowekwa, na kila mwezi ulipoandama aliwapelekea wanawe ujumbe uleule: "Nirudishieni mawe yangu, niwapikie." Kila mmoja alijibu vilevile: "Aanze mwenzangu."

Tarehe 9 Mei 1864 Kalungu alishuka kwenye kivuko cha Kasimba na watu wanne. Walinzi wa Mwipa wakadhani ni shambulio, wakamchoma mkuki akiwa bado majini. Vita ikaisha hapo.

Desturi ilitaka uji wa msiba upikwe katika jiko la mama. Mwipa alirudisha jiwe lake, lakini la Kalungu halikuonekana kambini. Basi akarudi kivukoni, akaokota jiwe la mtoni mahali alipoangukia mdogo wake, akalibeba mwenyewe hadi Isanza. Namwela akapekecha moto, uji ukapikwa, Kalungu akazikwa.

Siku ya tatu baada ya maziko aliwasili mke wa Kalungu kwa njia ndefu ya mlimani, miguu imevimba, na jiwe kichwani.

"Alinituma asubuhi ileile aliyoshuka kwenda kumwambia kaka yake," alisema. "Aliniambia, 'Mpelekee mama. Mwambie naanza mimi.'"

Mwipa aliketi chini. Jiwe la mtoni lilikwisha kupika uji wa msiba, halikuweza kuondolewa tena; hivyo Namwela aliliweka la Kalungu pembeni ya jiko. Mwipa akavunja vijiti vyake vya kupekechea moto, akaamuru kila nyumba iwashe moto wake yenyewe. Kuanzia hapo neno la Mwene liliishia kwenye ua wake. Wageni wenye bendera walipofika mwaka 1893 walikuta vijiji tu, kila kimoja na moshi wake.

Na tangu siku hiyo jiko la Mlemba lina mawe manne. La nne haliwekwi chungu. Huwekwa tonge la kwanza.

Mwalimu Sichula huwafundisha watoto wetu kwamba vita ilikwisha mwaka 1865, na kwamba jiwe la nne ni heshima ya Mwipa, mshindi. Namheshimu mwalimu, lakini amekosea yote mawili. Mwaka ni 1864. Na jiwe la Mwipa ni lile la mtoni, linalobeba chungu kila siku. La nne ni la yule aliyekubali kuanza.