Njia Aliyoing'arisha Pimbi

Tegeni masikio!
— Tumetega!
Nimwage?
— Mwaga, tuokote!

Kuna jambo katika kisa hiki sijalifumbua mpaka leo. Digidigi aliteleza mara ya kwanza, akainuka, akacheka, asimwambie mwenzake kwamba njia inateleza. Kwa nini alinyamaza? Sijui. Sikilizeni, pengine ninyi mtajua.

Hapo kale, kale sana, Pimbi mfinyanzi aliishi juu ya kilima cha mawe. Shoga yake alikuwa Digidigi, mama wa mtoto mmoja. Kila asubuhi walikwenda kisimani pamoja kwa njia ya mwamba, na chini ya njia kulikuwa na korongo.

Njia ilikuwa ya kukwaruza. Ilikula kwato za Digidigi, akawa anarudi akichechemea. Pimbi akaumia moyoni. Akajiambia, vyungu navilainisha, njia itanishinda?

Akaikandika udongo. Digidigi akapita, akasema afadhali.

Akausugua udongo kwa jiwe, akasugua, akasugua, mpaka jiwe likapata moto mkononi mwake. Digidigi akapita, akasema hasikii tena maumivu.

Akaipaka mafuta ya mbarika. Njia ikang'aa. Kima akachungulia, akauliza, "Bibi mfinyanzi, hii njia au sahani ya pilau?"

Pimbi akaijaribu mwenyewe. Akapanda, akashuka, asiteleze hata kidogo. Nyayo za pimbi ni laini, zina unyevu, hunata kwenye mwamba. Hakukumbuka kwamba kwato hazinati.

Digidigi akapita. Goti likagusa chini. Akainuka akicheka. "Shoga, umenitandikia njia kama bi harusi." Pimbi akafurahi.

Kesho yake walikuwa wakipanda na maji, Pimbi mbele, Digidigi nyuma. Kwato zikatafuta pa kushika, zisipate. Akateleza kurudi nyuma polepole, kisha mbio, mpaka korongoni. Pimbi alisikia kibuyu kikipasuka. Alipogeuka, njia ilikuwa tupu.

Wanyama wakakutana. Kima akataka Pimbi afukuzwe. Mzee Pofu, swala mkubwa kuliko wote, akakataa, akasema hakuna aliyempenda marehemu kuliko huyu.

"Kule kukwaruza tulikokulalamikia ndiko kulikotushika," akasema. "Mguu ukisuguana na njia, njia huuzuia usiponyoke. Msuguano huo ulikula kwato za Digidigi, na huo huo ulimfikisha nyumbani kila siku."

Pimbi akasema kwa sauti ndogo, "Niliiuliza miguu yangu. Sikuiuliza yake."

Shikeni hilo, wanangu. Kinachokukwaruza huenda ndicho kinachokushika. Na ukitaka kumrahisishia mwenzako safari, tazama kwanza anakanyaga kwa miguu ya namna gani.

Ikaamuliwa njia ikwaruzwe yote na imwagiwe changarawe, na mtoto wa Digidigi alelewe kilimani. Wengi walijitolea. Pimbi akaomba aachiwe yeye kazi hiyo na mtoto. Akaikwaruza kwa kucha zake, kipande kwa kipande, mtoto amebebwa mgongoni, mpaka njia ikaanza tena kuumiza miguu.

Kisa changu kimefika juu ya kilima. Mimi natua mzigo, nanyi mbebe.